Msaliti wa Nani? Safari ya Neno Zito Katika Historia ya Kakamega

Siasa za Kenya zina maneno yanayosahaulika uchaguzi ukishapita, na zina yale yanayomganda mtu hadi kaburini. "Msaliti" ni la aina ya pili. Huko Kakamega neno hili limewahi kubandikwa wafalme, machifu, wabunge, wakulima na hata vyama vizima. Limesikika katika mikutano ya hadhara, makanisani, vibandani wanakokunywa chai wachuuzi, na siku hizi katika vikundi vya WhatsApp vya koo na vijiji.

Hoja ya makala haya ni moja: hapana usaliti pasipo ahadi. Anayetaka kumwita mwenzake msaliti sharti kwanza aonyeshe amana iliyovunjwa, aliyeiweka na aliyeipokea. Tukiipima historia ya Kakamega kwa kipimo hicho tutagundua kwamba baadhi ya waliobebeshwa jina hilo hawakuwa na ahadi waliyoivunja, na kwamba waliovunja ahadi zilizo wazi kabisa, nyingine zikiwa zimeandikwa na kutiwa muhuri, hawakuwahi kuitwa hivyo.

Ukoo wa maneno

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kumtaja mtu asiyeaminika, ila kila neno lina kosa lake. Kusaliti ni kumtia mwenzako mikononi mwa adui, au kumfichulia adui siri uliyoaminiwa. Haini na uhaini yametoka katika Kiarabu pamoja na ndugu yao hiana, na mwenye hiana ni yule anayemnyima mwenzake kinachomstahili. Waswahili wa zamani waliweka hiana upande mmoja na amana upande wa pili, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lote: aliyepewa kitu akitunze ndiye anayeweza kukifanyia hiana.

Mahakamani neno uhaini limebanwa zaidi. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya hulitumia kwa njama dhidi ya dola, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kibaraka ni mtu anayetumiwa na mwenye nguvu dhidi ya watu wake, neno lililovuma sana enzi za kupigania uhuru. Mamluki hupigania malipo. Kigeugeu hubadili msimamo kila upepo unapobadilika, lakini huenda asimdhuru yeyote. Ndumilakuwili, aliyepewa jina la nyoka anayeaminiwa kuuma kwa kichwa na kwa mkia, hukaa pande mbili kwa wakati mmoja. Haya ni makosa matano au sita tofauti. Jukwaani yote huvuliwa majina yake na kuvikwa moja tu, usaliti.

Magharibi mwa Kenya neno hili lina uzito wa ziada uliotoka madhabahuni. Maquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki na madhehebu mengine wakafuata, na watu wengi walikutana na neno "msaliti" kwa mara ya kwanza katika Biblia ya Kiswahili, likiwa limeambatana na Yuda Iskariote na vipande 30 vya fedha. Ndiyo maana katika mazungumzo ya kawaida Kakamega watu hawaishii kusema kiongozi amewasaliti. Husema, "Ametuuza." Usaliti umefungamana na bei, na swali la pili huwa ni alilipwa kiasi gani.

Mumia na kiapo ambacho hakikuliwa

Mjadala huu ukizuka, jina linalotajwa mapema ni la Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Alimrithi baba yake Shiundu mwaka 1882, akatawala Wanga kutoka Lureko, ulipo mji wa Mumias leo. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa imeshalizoea boma hilo, ikiliita Kwa Sundu kwa jina la baba yake. Joseph Thomson alipitia hapo mwaka 1883 akielekea Ziwa Viktoria. Askofu James Hannington naye alipita mwaka 1885, muda mfupi kabla hajauawa Busoga. Wafanyabiashara walileta nguo, shanga na bunduki, wakaondoka na pembe za ndovu, na watumwa pia. Jamii ya Waislamu wa Mumias ina mizizi katika misafara hiyo.

Waingereza walipokuja kuweka kituo mwaka 1894, Mumia alikuwa amebanwa. Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakiwasukuma watu wake, na kaskazini alipakana na Wabukusu, ambao hawakuwahi kuukubali ukuu wa Wanga. Alihitaji bunduki, na wageni walikuwa nazo. Mwaka 1895 C. W. Hobley akafika kusimamia utawala. Kabla mwaka haujaisha vikazuka vita kati ya Waingereza na Wabukusu, chanzo kikiwa bunduki zilizotoka mikononi mwa askari wa Kisudani na kuuawa kwa kikosi kilichotumwa kuzirudisha. Jeshi lililokwenda kulipiza lilikuwa na Wasudani, Waganda, Wamaasai na wapiganaji wa Wanga. Ngome za Lumboka na Chetambe zikaangushwa. Watu wengi waliuawa, na ng'ombe wakaswagwa.

Mumia alipata fungu lake. Mwaka 1909 alitangazwa kuwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini, na ndugu zake wakawekwa kuwa machifu wa jamii nyingine: Murunga kwa Wabukusu, Mulama kwa Wamarama. Kwa Mbukusu wa Kimilili, kodi ya kibanda na kazi ya lazima vilikuja na sura ya mtu wa Wanga kabla ya sura ya Mzungu. Uchungu huo umerithiwa. Hadi leo, mzee wa Kibukusu akisimulia Chetambe, jina la Mumia hutamkwa kwa sauti nyingine.

Lakini alimsaliti nani? Mwaka 1895 hapakuwa na Kenya. Eneo lote lilihesabiwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902. Hata jina Waluhya, linalowakusanya leo Wawanga na Wabukusu chini ya mwavuli mmoja, lilishika kasi katika miaka ya 1930 na 1940. Mtu wa Wanga na Mbukusu wa mwaka 1895 walikuwa majirani, mara wakioana, mara wakipigana. Mumia anaweza kushtakiwa kwa mengi: kutumia nguvu za mgeni kumaliza ugomvi wa jirani, kufaidi ushindi uliojaa damu, kuwapa ndugu zake vyeo juu ya watu wasiowataka. Haya yana majina yake katika Kiswahili, nayo ni ukatili, tamaa na dhuluma. Kumwita msaliti kwa ajili ya vita vya Chetambe ni kumshtaki kwa kuvunja kiapo ambacho hakuna aliyekuwa amekila.

Mashtaka yanaanza kuwa na uzito baada ya mwaka 1909. Chifu anayepokea kodi ya watu anadaiwa ulinzi na watu hao, na hapo ndipo Mumia na nduguze wanapopaswa kuhojiwa. Mwenyewe aliona jinsi ahadi za wakubwa zinavyochakaa. Mwaka 1920 makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega, mwaka 1926 akastaafishwa, na hadi alipofariki mwaka 1949 alikuwa mzee wa heshima nyingi na madaraka machache.

Pwani ilikuwa imeliona jambo hili la mtawala kushirikiana na mgeni karne nyingi kabla. Mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 kwa sababu adui yake alikuwa Mombasa, na Mreno wakati huo alikuwa mgeni tu. Kisha mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliishambulia ngome ya Fort Jesus na kumuua kamanda wa Kireno. Wareno walimwandika msaliti wa mfalme na wa dini. Watu wengi wa Mombasa walimwona mwana wao aliyerudi nyumbani. Kitendo ni kimoja na mtu ni mmoja, lakini hukumu mbili zinatofautiana kwa sababu kila upande unamdai ahadi tofauti.

Karibu zaidi na Kakamega, ng'ambo ya Msitu wa Kakamega, kuna kisa ambacho hakihitaji mizani nyingi. Tarehe 19 Oktoba 1905, Kapteni Richard Meinertzhagen alikutana na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitishwa kujadili amani. Koitalel alipigwa risasi papo hapo. Palikuwa na mwaliko na neno la kusitisha vita, na neno hilo likavunjwa. Hapa jina usaliti linakaa barabara.

Dhahabu na sheria ya 1930

Kisa ambacho Kakamega ingepaswa kukifundisha kila mtoto wake ni cha ardhi na dhahabu.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Ilitamka kwamba maeneo yaliyotengwa ni ya wenyeji milele. Iwapo serikali ingehitaji kipande kwa manufaa ya umma, ilipaswa kuliuliza baraza la wenyeji na kutoa ardhi nyingine ya thamani ileile kama fidia. Maafisa waliieleza katika mabaraza kama uhakikisho wa mwisho. Kwa watu waliokuwa wakisikia jinsi ardhi ya Wakikuyu na ya Wanandi ilivyokwenda, hiyo ilikuwa ahadi kubwa.

Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Mamia ya Wazungu wakamiminika, wengi wao walowezi waliokuwa wameangushwa na mdororo wa uchumi wa dunia. Wakapiga hema kando ya mito, wakachimba mitaro katikati ya mashamba ya mtama na wimbi, wakaacha mashimo ambayo ng'ombe na watu walitumbukia. Desemba 1932, miaka miwili tu tangu neno "milele" liandikwe, Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi likairekebisha sheria. Ardhi iliyotakiwa kwa madini sasa ingeweza kuchukuliwa bila kuliuliza baraza la wenyeji, na mwenye shamba alipwe pesa badala ya ardhi. Mabadiliko hayo yalizua kelele hadi London. Lord Lugard, ambaye hakuna anayeweza kumwita adui wa ukoloni, alikuwa miongoni mwa waliolaumu.

Kwa mkulima wa Isukha au Idakho huko Kakamega, pesa haikuwa badala ya shamba. Shambani ndipo walipozikwa wazazi wake na ndipo wanawe wangeoa. Kutokana na hasira hiyo kikazaliwa chama cha North Kavirondo Central Association, kilichokusanya watu waliosoma shule za misheni na kuwafunza kudai haki kwa barua, mikutano na michango. Kampuni kubwa ya uchimbaji, Rosterman, iliendelea hadi mwaka 1952, na jina lake bado linatumika kwa mtaa wa mji wa Kakamega.

Hapa kila sharti limetimia: ahadi iliyoandikwa, mtoaji na mpokeaji wanaojulikana, na siku ya kuvunjwa iliyomo katika kumbukumbu za bunge la kikoloni. Hata hivyo, neno usaliti halikushikamana na waliotunga sheria ile. Liliendelea kuwaandama wenyeji wenyewe, chifu huyu, karani yule, mkalimani fulani. Msemo wa Kiswahili kwamba kikulacho ki nguoni mwako una hekima yake, lakini pia una hatari yake. Unatufundisha kumtafuta msaliti ndani ya nguo tulizovaa, huku aliyeiba shamba akipita barabarani.

Uhuru na upande wa kuhamia

Hali ya Dharura, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952, ililigawa taifa kati ya wapiganaji wa uhuru na walinzi wa serikali, na Mkoa wa Kati ulibeba jeraha lake kubwa. Kakamega haikuchomwa moto huo kwa kiwango hicho, ila ilirithi lugha yake: baada ya uhuru kila mpinzani aliweza kuitwa kibaraka.

Somo zito lilitoka bungeni. Mwaka 1964 chama cha KADU, kilichokuwa na nguvu Magharibi na kilichowalea Masinde Muliro na Martin Shikuku, kilivunjwa na wabunge wake wakajiunga na chama tawala cha KANU. Walibaki na viti vyao, wakasifiwa kwa umoja wa taifa. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU na kuunda KPU, Katiba ilirekebishwa kwa haraka ili mbunge anayehama chama kilichompeleka bungeni arudi kwa wapiga kura. Kanuni yenyewe ni nzuri, kwa sababu kiti ni amana ya mpiga kura. Iliharibiwa na namna ilivyotumika. Anayehamia serikalini alikuwa mzalendo, na anayehama kutoka serikalini alikuwa msaliti. Tangu hapo Mkenya amefundishwa kuupima uaminifu kwa upande mtu anaoelekea.

Shikuku, mbunge wa Butere, aliyalipia mafunzo hayo kwa miaka ya maisha yake. Oktoba 1975 alisema bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Wakubwa walipomtaka athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney alisema kilicho wazi hakihitaji ushahidi. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila mashtaka hadi mwaka 1978, Daniel arap Moi alipoingia madarakani na kuwaachilia. Machoni pa serikali Shikuku alikosa utiifu. Machoni pa Butere alifanya kile hasa alichotumwa kufanya.

Kisha ukaja mwaka 1983, mwaka ambao neno hili lilitawala nchi nzima. Mwezi Mei Rais Moi alisema hadharani kwamba mataifa ya nje yanamwandaa mtu wa kuchukua uongozi. Hakutaja jina. Kwa majuma kadhaa wanasiasa walishindana kumlaani "msaliti" asiye na sura, kila mmoja akihofia asije akatajwa yeye. Hatimaye mwezi Juni, bungeni, Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma, alimtaja Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa zamani na waziri mwenye nguvu. Njonjo alijiuzulu, tume ya Jaji Cecil Miller ikamchunguza, na Desemba 1984 Moi akamsamehe. Nchi ililaani kwanza, ikatafuta mtu baadaye, na ushahidi ukaja mwisho. Mpangilio huo haukwisha na Njonjo.

Kutoka Bukhungu hadi kizazi cha 2024

Vyama vingi viliporudi Desemba 1991, Shikuku akiwa miongoni mwa waasisi wa FORD, kuhama vyama kuligeuka kazi ya kila siku. Mpiga kura wa Magharibi ameonyesha mara kadhaa kwamba anajua kuadhibu. Mwaka 2002 Musalia Mudavadi alibaki KANU akiwa Makamu wa Rais, wakati wimbi la muungano wa upinzani wa NARC lilikuwa limeukumba mkoa, naye akashindwa katika eneo lake la Sabatia.

Uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega umeshuhudia jinsi neno hili linavyobadilisha mikono. Tarehe 31 Desemba 2016, Francis Atwoli wa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, aliongoza mkutano uliomtawaza Mudavadi kuwa msemaji wa Waluhya. Miaka mitano kamili baadaye, tarehe 31 Desemba 2021, mkutano mwingine uwanjani hapo ulimuunga mkono Raila Odinga kwa urais. Mwezi uliofuata, ukumbini Bomas, Mudavadi alitangaza njia yake na William Ruto, mpinzani wa Raila. Wapo waliosema ameiuza jamii. Wengine walijibu kwamba jamii haikuwahi kumwahidi mtu mwingine yeyote kura zake. Agosti 2022 Kakamega ilimpa Raila kura nyingi zaidi, Ruto akashinda nchini, na Mudavadi akawa Mkuu wa Mawaziri. Mwaka 2024 Wycliffe Oparanya, gavana wa kwanza wa Kakamega, alipoingia Baraza la Mawaziri la Ruto baada ya kumpigia Raila debe, lawama zikaanza upya, safari hii kutoka upande mwingine.

Vijana ndio waliolirudisha neno mahali pake. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106. Majina ya waliosema ndiyo yalisambaa simuni, na vijana, Kakamega wakiwemo, wakauliza wabunge hao waliwauliza akina nani. Hawakusema mbunge amemsaliti rais, wala chama, wala kabila. Walisema amemsaliti mpiga kura. Hilo ndilo agano halisi, kwa kuwa limefungwa kwenye debe la kura.

Miwa iliyokauka shambani

Ukitaka kuona usaliti usiokuwa na jukwaa wala kipaza sauti, nenda kwa mkulima wa miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973. Mkulima alitia saini mkataba, kampuni ikalima shamba, ikatoa mbegu na mbolea, na gharama zikakatwa kwenye malipo ya mavuno. Muwa hukaa shambani karibu mwaka mmoja na nusu au zaidi, kwa hiyo karo ya mtoto, bati la nyumba na matibabu ya mzazi vyote viliwekwa rehani kwa ahadi ile.

Ahadi ilipoanza kulegea, miwa ilikauka bila kukatwa na malipo yakachelewa kwa miezi, kisha miaka. Wakulima wengine wakauza kwa wasagaji wengine. Wakaitwa wavunja mkataba, watu wasio waaminifu. Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu, na madai ya wakulima yakabaki kwenye makaratasi. Mkulima aliyeuza miwa yake kando baada ya kungoja malipo bila mafanikio alikuwa anajiokoa, na anayepaswa kuhojiwa kwanza ni aliyevunja neno kwanza.

Hii ndiyo hukumu ninayoifikia baada ya kuitazama safari yote. Kakamega imekuwa nyepesi kuwaita wasaliti watu waliohama upande, na nzito kuwaita hivyo waliovunja ahadi. Uchaguzi wa mwaka 2027 unakuja, na neno hili litarushwa tena kutoka kila jukwaa kati ya Lugari na Butere. Msomaji, likikufikia usilipokee kabla hujauliza mtu huyo aliahidi nini, alimwahidi nani, na ni siku gani aliivunja ahadi hiyo. Anayelirusha akishindwa kujibu, mwambie achague neno jingine. Akijibu akakuonyesha mkataba, sheria au kura iliyokanyagwa, simama naye, na jina la mvunjaji uliandike mahali ambapo wajukuu wako wataweza kulisoma.